Kumhudumia mgeni katika mgahawa wa hadhi Mbeya: kuanzia simu ya kwanza hadi risiti

Mgeni anayekaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, akalipa shilingi elfu thelathini kwa sahani ambayo mtaa wa pili angeipata kwa elfu tano, ana haki ya kudai mambo mawili kabla ya mengine yote: chakula kimfikie kikiwa cha moto, na akiambiwa dakika ishirini ziwe ishirini kweli. Mapazia, muziki, maua na sare za wahudumu vinafuata baadaye. Ipo migahawa mizuri sana huku nyanda za juu kusini ambayo kila kitu kinapendeza macho, halafu supu inafika vuguvugu baada ya karibu saa nzima na hakuna aliyekuja kusema lolote.

Mwongozo huu ni wa mwenye mgahawa, meneja na mhudumu. Nimeupanga kwa mtiririko wa siku yenyewe, maana huduma ya saa mbili usiku hutengenezwa tangu mchana.

1. Shughulika na baridi kwanza

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa kuzuia baridi. Sahani ya udongo iliyokaa kabatini usiku kama huo ni baridi kama jiwe la mtoni. Ukipakua rosti ya moto juu yake, mchuzi unaanza kuganda mafuta kabla mgeni hajamaliza kusali.

Kwa hiyo, pasha sahani. Ziweke ndani ya ovena yenye joto la nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika kumi na tano hivi. Kama ovena ina kazi nyingine, zitumbukize kwenye beseni la maji ya moto, uzifute zikauke kabisa, kisha upakue papo hapo. Bakuli za supu na vikombe vya chai navyo vipashwe. Jambo hili halina gharama, na linabadilisha chakula kizima kuliko kiungo chochote utakachoagiza kutoka Dar es Salaam.

Ukumbi nao uwe na joto kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Meko yenye bomba la moshi ni kitu kizuri sana huku kwetu. Kama unayo, iwashwe saa kumi na moja jioni, isisubiri watu waanze kujikunyata. Lakini jiko la mkaa lisiingizwe ukumbini, hata kwa dakika chache, hata mgeni mwenyewe akiomba. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa milango na madirisha hewa hiyo inaua. Mgeni aliyechagua kukaa barazani mletee shuka zito au blanketi safi lililokunjwa, ulimwekee begani mwa kiti. Mablanketi hayo yafuliwe kama vitambaa vya mezani vinavyofuliwa.

2. Jikoni, kumbuka maji ya huku yanachemka mapema

Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila unapopanda kama mita 300, kiwango hicho kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Mbeya mjini maji yanatokota kwa takriban nyuzi 94, na hata ukiongeza moto hayapandi zaidi, yanakauka tu. Mpishi aliyefundishwa Pwani akaja na vipimo vyake vilevile atashangaa maharage bado magumu, wali una kiini, nyama ya kuchemsha inavutika.

Loweka maharage na mahindi ya kande tangu usiku uliotangulia. Tumia sufuria la presha kwa maharage, kongoro na kuku wa kienyeji, kwa kuwa ndani yake joto hupanda kuliko kwenye sufuria la kawaida. Wali uongezewe maji kidogo na muda kidogo, mfuniko ubane vizuri, usifunuliwe ovyo. Kila mpishi mgeni apewe wiki ya kwanza ya kuandika upya muda wa kila sahani kwa jiko hili, na muda huo ubandikwe ukutani pale wahudumu wanapopokelea chakula. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwokoa mhudumu mezani, kama utakavyoona mbele.

Chakula kilichoandaliwa mapema kiwe upande mmoja au mwingine: chini ya nyuzi 5 kwenye friji, au juu ya nyuzi 60 kwenye moto. Katikati ya hapo ndipo vijidudu huzaana. Baridi ya Mbeya isikudanganye kwamba wali uliobaki unaweza kulala kwenye sufuria mezani. Jikoni kuna joto, na usiku mzima ni muda mrefu.

3. Menyu iwe fupi na iwe ya huku

Mgeni aliyetoka Dar, Lusaka au Ulaya hakupanda milima ile ili ale chipsi kuku. Tuna mchele wa Kyela wenye harufu inayojaza chumba, ndizi za Tukuyu, viazi mviringo vya Makete na Njombe, maparachichi ya Rungwe, chai ya Rungwe na Mufindi, kahawa ya Mbozi, na samaki wa Ziwa Nyasa. Mchemsho wa ndizi na nyama uliopikwa kwa uangalifu, ukapakuliwa kwenye bakuli zito lenye moto, ni sahani ya hadhi kabisa. Mimi ningeweka sahani kumi na mbili zinazopatikana kila siku kuliko arobaini ambazo nusu yake mhudumu anajibu, "Hiyo leo imeisha."

Mambo machache ya kuangalia wakati wa kununua. Mchele unaouzwa kwa jina la Kyela mara nyingi umechanganywa na mwingine, hivyo pika kibaba kimoja kwanza kabla ya kulipia gunia. Mbasa na samaki wengine wa Nyasa waandikwe ubaoni siku walipofika wabichi, wasichapwe kwenye menyu ya kudumu. Parachichi haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kuchumwa, na kwenye baridi yetu hujivuta. Nunua la leo na la baada ya siku nne, tano, ulitenge kwa makundi. Unalolihitaji haraka lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Parachichi gumu lililokatwa kwa nguvu ili tu lionekane kwenye sahani ni aibu katika mkoa unaolilima.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kinapendwa sana Mbeya. Kama unakipika, kiwe na ubao wake, kisu chake na kikaango chake, na mhudumu aweze kumwambia mgeni Mwislamu kwa uhakika kwamba vyombo havichanganyiki. Kama hamjaweza kuvitenga, mwambieni hivyo waziwazi, naye ataamua.

4. Simu ya kuhifadhi meza

Anayepokea simu awe na daftari na kalamu mkononi. Aulize jina, idadi ya watu, saa, namba ya simu, kisha maswali matatu ambayo wengi huyaruka: Kuna mtu asiyekula kitu fulani? Kuna mzee, mtoto mchanga au mtu asiyeweza kupanda ngazi? Kuna sherehe yoyote?

Halafu aongeze jambo moja: "Mama, kama mtapenda kuku wa kienyeji, naomba mniambie sasa, maana anachukua zaidi ya saa moja. Nikijua leo, mtamkuta tayari." Sentensi hiyo inaondoa nusu ya malalamiko yote ya usiku. Iringa wageni wengi wanaelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na huondoka alfajiri, kwa hiyo waulize kama wangependa kula mapema, saa kumi na mbili na nusu, na kama wafungiwe chakula cha njiani.

5. Saa moja kabla ya kufungua

Wahudumu wale kwanza. Mtu mwenye njaa hawezi kubeba sahani za wenzake akiwa na uso wa furaha, na akionja akiwa ameshiba ndipo anaweza kueleza. Mpishi apitishe kijiko cha kila sahani mpya, kila mmoja aonje, aulize kuna nini ndani: karanga, maziwa, pilipili, ngano. Karanga hasa, kwa sababu mboga zetu nyingi za majani huungwa kwa karanga na kuna watu ambao kiasi kidogo tu kinaweza kuwafunga pumzi.

Jenereta lijaribiwe. Taa za betri ziwe kwenye kila meza, zimechajiwa. Glasi zinyanyuliwe kwenye mwanga moja moja. Vyoo vikaguliwe na meneja mwenyewe, na kuwe na maji ya moto ya kunawa.

6. Mlangoni

Mgeni asisimame mlangoni akitafuta macho ya mtu. Yupo mhudumu mmoja ambaye kazi yake kwa saa ile ni mlango tu. Wazee waamkiwe kwanza, kwa shikamoo kamili, ukisimama, mikono ikiwa haina trei. Mzee wa Kihehe au Kibena akisikia "Kamwene" kutoka kwa kijana aliyevaa tai, uso wake unafunguka palepale. Usilazimishe kama hujui kuitikia yanayofuata.

Mhudumu: "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Karibuni sana, poleni na safari."

Mzee: "Marahaba mwanangu. Tumefika, Mungu ametusaidia."

Mhudumu: "Meza yenu iko karibu na meko, baba. Nikusaidie koti?"

Usiulize "Mko wangapi?" kwa mtu aliyepiga simu jana akakutajia idadi. Daftari linajua.

7. Kunawisha mikono

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu migahawa mingi yenye hadhi imeacha desturi hii kwa kuona haya, ikaweka sinki pembeni na mshale unaoonyesha njia. Kunawishwa mikono mezani ni heshima tuliyokuzwa nayo, na ikifanywa vizuri hakuna huduma ya hoteli yoyote duniani inayoizidi.

Inahitaji watu wawili. Mmoja anabeba birika na bakuli pana, mwingine vitambaa vidogo vilivyokunjwa, kimoja kwa kila mgeni. Maji yawe ya uvuguvugu unaopendeza. Yajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, usiyakisie. Anza kwa aliye mkubwa kwa umri, kisha wageni, kisha wenyeji. Simama upande wa kulia wa mgeni, shusha bakuli mpaka liwe chini kidogo ya usawa wa meza, lisigonge kiti. Mimina kidogo, simamisha, mpe sabuni ya maji, halafu mimina taratibu mpaka povu liishe. Macho yako yawe kwenye mikono yake, siyo kwenye meza ya jirani. Akimaliza, kitambaa kimfikie kabla hajaanza kukitafuta. Mama aliyevaa kanga au shela ndefu mpe nafasi aikusanye kwanza.

Baada ya chakula, hasa cha ugali na samaki, rudia yote kwa kipande cha limau. Asiyetaka kunawishwa usimsihi, mwonyeshe sinki.

8. Kuchukua oda

Maji ya kunywa yafike ndani ya dakika tatu, menyu pamoja nayo. Ukiona wamezifunga menyu, sogea.

Andika. Mhudumu anayejivunia kukariri oda ya watu wanane atakosea siku ukumbi ukijaa. Iringa mjini kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambacho mgahawa wake unahudumiwa na wahudumu viziwi na mgeni huandika oda yake kwenye karatasi. Nenda ukakae pale jioni moja ukiwa na wahudumu wako. Watajifunza kumtazama mgeni usoni, kusoma mkono na jicho lake, na kuhakikisha kila kitu kimeandikwa kabla hakijaenda jikoni.

Kila kiti kiwe na namba, kuanzia kile kilicho karibu na mlango, ukizunguka kulia. Oda iandikwe kwa namba ya kiti. Hivyo ndivyo sahani inavyofika mbele ya mwenyewe bila mtu kusimama katikati ya meza akiuliza, "Samaki ni wa nani?"

Soma oda kwa sauti kabla ya kuondoka, kisha taja muda. Muda utoke kwenye ile karatasi ya ukutani na kwa mpishi, usitoke kichwani. Kama mbasa wa kubanika anahitaji dakika thelathini na tano, sema thelathini na tano. Mgeni akisikia hivyo ataagiza supu ya kusubiria au atabadili. Vyovyote vile ameamua mwenyewe. Yale majibu ya "sasa hivi", "inakuja" na "bado kidogo" yafutwe kabisa kwenye mgahawa. Jiko likichelewa kwa dakika tano, mhudumu aende mezani kabla hajaitwa, aseme ni dakika ngapi zimebaki, na arudi kwa dakika alizosema hata kama chakula bado.

Wageni kutoka Zambia na Malawi, ambao Mbeya tunao wengi, wengi wao wanaujua ugali vizuri sana. Waulize wanaupenda laini au mgumu, watafurahi kuulizwa.

9. Kupeleka chakula

Sahani zote za meza moja zitoke kwa pamoja. Kama mhudumu mmoja hawezi, meneja abebe. Hakuna kazi isiyomhusu meneja saa mbili usiku.

Mwambie mgeni, "Sahani ina moto, baba," huku ukiishika kwa kitambaa. Weka, taja chakula kwa jina, ondoka. Rudi baada ya matonge mawili matatu, uulize mara moja tu kama kiko sawa. Kumkatiza mgeni kila dakika ni usumbufu sawa na kumtelekeza.

Divai nyekundu hunywewa vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu cha stoo mwezi wa saba kiko chini ya hapo, kwa hiyo chupa ya Dodoma iletwe ukumbini saa mbili kabla. Nyeupe yaweza kutosheka na stoo hiyohiyo.

10. Mgeni akilalamika

Msikilize mpaka amalize. Sema samahani bila "lakini". Ondoa sahani, usiiache mbele yake wakati unatafuta meneja. Mwambie kitakachofanyika na muda wake: "Samahani sana mama. Nyama hii naiondoa, nakuletea nyingine baada ya dakika kumi na mbili, na haitaingia kwenye bili." Mhudumu apewe ruhusa ya kusema hivyo papo hapo, pasipo kwenda kuomba kibali. Mwenye mgahawa anayekata mshahara wa mhudumu kwa sahani iliyorudishwa anawafundisha wahudumu wake kuficha makosa na kubishana na wateja.

11. Kahawa na chai

Ule mwinuko unaotusumbua kwenye maharage unatusaidia kwenye kahawa. Kahawa hutengenezwa vizuri kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96, na maji ya Mbeya yakitokota tu yako humo humo. Saga kahawa ya Mbozi mezani au jirani na meza, mgeni aisikie harufu yake, mimina maji moja kwa moja kutoka kwenye birika.

Chai inataka kinyume chake. Majani meusi hupenda maji yenye moto kadiri inavyowezekana, nasi hatuna nyuzi za kupoteza. Suuza birika la chai kwa maji yanayotokota, umwage, weka majani, mimina yakiwa bado yanabubujika, funika, na ulivalishe kitambaa kizito kwa dakika tano. Kwa wanaopenda ya maziwa na tangawizi, ichemshwe jikoni yote pamoja na iletwe kwenye chupa ya chai, ili kikombe cha pili kiwe cha moto kama cha kwanza.

12. Bili

Iletwe inapoombwa, isizidi dakika tano. Bei ya menyu iwe ya shilingi, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeshaingia ndani yake. Mgeni asikutane nayo chini ya karatasi. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya kielektroniki, itolewe bila kuombwa. Namba ya kulipia kwa simu iwe kwenye kadi ndogo, ikiwa na jina litakalotokea kwenye simu ya mgeni, na kuwe na chenji droo ikifunguliwa.

Bakshishi isidokezwe. Ikitolewa, iingie kwenye kopo moja na igawanywe usiku huohuo, aliyeosha vyombo akiwemo. Kilichobaki kwenye sahani mgeni akikitaka, kifungwe kwenye boksi la karatasi; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

13. Wakati wa kufunga

Kila mhudumu aandike mistari miwili kwenye daftari la meza: nani alikaa, alipenda nini, nini kilirudi jikoni. Mpishi aisome kesho yake kabla ya kwenda Mwanjelwa sokoni. Maharage ya kesho yalowekwe sasa. Meko izimwe, gesi ifungwe.

Na wahudumu wafike nyumbani. Ni usiku, ni baridi, wengi wao ni mabinti wanaokaa mbali na mjini. Bajaji iwe imeitwa kabla ya saa nne na nusu, na nauli itoke kwenye fedha ya mgahawa.